Kapu la Mayai kwenye Farasi Wawili

Paris, 4 Machi 1973

Dada Solange,

Najua ukiona mwandiko wangu, huwa unaruka salamu ili uone nimeomba nini. Nakupunguzia kazi: naomba gari la baba.

Usiitupe barua kwanza. Naliazima wiki sita tu. Nimeshakwambia kwamba sasa mimi ni msaidizi wa vifaa kwenye kampuni ya sinema. Maana yake, chochote atakachoshika mwigizaji, mimi ndiye niliyekitafuta: mwavuli, meno bandia, bata mzinga aliyekufa lakini asiyenuka. Filamu hii ni ya kuchekesha. Bibi harusi anatoroka kanisani kwa gari la mjomba wake, na harusi nzima inamfukuza milimani. Mwongozaji anataka gari kama la baba, aina ya Farasi Wawili, la zamani, la kijivu, lenye boneti la mikunjo kama bati la paa.

Hapa Paris gari lile sasa ni fasheni, utacheka. Wanafunzi wanalichora maua, wanaandika ubavuni matusi ya kumtukana waziri, wanalala humo wakienda baharini. Watu ambao baba zao walikuwa wakituonyesha kidole tukipita na kopo letu la dagaa sasa wanalipigia honi kwa mapenzi. Lakini ya zamani, ya kweli, iliyofanya kazi, hawana. Sisi tunayo, imekaa bandani.

Mwambie baba ataiona kwenye sinema. Samahani, ataisikia. Mwambie Mireille Dastor mwenyewe, nyota wa filamu, ndiye atakayeiendesha. Hilo lifikishe kwanza, mengine yafuate.

Nduguyo,
Régis


Les Fajoles, 11 Machi 1973

Régis,

Baba ameketi mbele yangu na fimbo yake. Yeye anasema, mimi naandika. Yaliyo kwenye mabano ni yangu, hajui kama yapo.

Mwanangu. Umesema Mireille Dastor. Mimi nina miaka sabini na tatu, macho yamenifunga tangu mwaka wa sitini na nane, sina haja na Mireille Dastor. (Amenyoa leo, na si Jumapili.)

Gari hilo niliandika barua kuliomba mwaka 1949. Aliyekuja kutoka kiwandani kuniuliza maswali alivaa tai, akafungua daftari lake: “Wewe una haja gani na gari, bwana?” Wakati huo hukuuziwa kwa sababu unalitaka, uliuziwa kwa sababu unastahili. Daktari alipata, mkunga alipata, padri alipata. Nikamwambia: “Mayai.” Akasema, “Mayai gani?” Nikamwambia, “Ya kuku, bwana, ya wengine hatujaanza kukusanya.” Nilingoja miaka minne. Waliokuwa na lililotumika walikuwa wakiliuza ghali kuliko jipya, nami nikangoja langu. (Hii umeisikia mara elfu. Mimi elfu mbili.)

Kwa hiyo masharti. Mtu asivute sigara ndani. Dirisha la dereva lina tabia ya kumwangukia mtu kiwikoni, mwambie bibi huyo asilitukane. Madigadi la kushoto lina bonde alilolitia fahali wa Cayrol, lisinyooshwe, ni ukumbusho. Kiti cha kulia ni cha mama yako. Kile nilikifuma mwenyewe kwa tyubu za baiskeli mwaka 1957, alipoanza kulalamika mgongo. Alikaa pale miaka kumi na mmoja na kapu mapajani, kutoka shamba hadi shamba, na katika miaka hiyo tulivunja mayai tisa. Matano nilivunja mimi nikishuka. Asikae mtu juu ya kiti kile. Akae anayekaa kwingine.

Lirudi kabla ya sikukuu ya mavuno. Baba yako, Anselme Roucaute.

(Sasa mimi. Régis, tangu mama afe, kila siku baada ya chakula baba anaingia bandani, anakaa kwenye usukani, anaufunga mlango. Saa nzima. Simwulizi anafanya nini na yeye haniambii, lakini akitoka huwa ameshanisamehe supu. Sina kitu kingine cha kumpa mzee huyu. Ukiliharibu, usije kunifafanulia. Hamia Kanada.)

Solange


Paris, 14 Aprili 1973

Dada mpenzi,

Gari limefika salama juu ya lori. Kila mtu amelipenda. Mwongozaji amelizunguka mara tatu akicheka peke yake, akasema lina sura ya mchekeshaji. Lipo pamoja na mengine mawili yanayofanana nalo, kwa sababu kwenye sinema gari moja huwa matatu: moja la kutazamwa kwa karibu, moja la kukimbia, moja la matata. La baba ni la kutazamwa. Mwambie Mireille Dastor amesema kiti cha kushoto ni laini kuliko cha nyumbani kwake.

Cha kulia hakuna aliyekikalia.

Régis


Les Fajoles, 10 Juni 1973

Régis,

Barua mbili nimekuandikia, kimya. Wiki sita zako zimekuwa nane. Baba amepeleka kigoda bandani, amekiweka pale palipokuwa usukani. Anakaa. Mlango wa kufunga haupo, kwa hiyo ananifukuza kwa mkono.

Jana bibi Estève wa mkahawani amepita, akamkuta pale. “Mzee Anselme, unaendesha hewa?” Akamjibu, “Punguza sauti, niko kwenye kona.” Tukacheka wote watatu, kisha yeye akaacha kucheka kabla yetu.

Niandikie siku ya kurudi. Siku, si mwezi.

Solange


Paris, 19 Juni 1973

Solange,

Isome hii ukiwa peke yako, kisha itie jikoni iungue.

Gari la baba halipo tena. Ilikuwa ajali. Lile la matata, la kijani lililopakwa kijivu, liligoma asubuhi ya siku ya mwisho, na wakati mimi nimekwenda kutafuta kamba, wakachukua la baba bila kuniuliza. Nilipofika lilikuwa limeshasukumwa kwenye machimbo ya mawe. Mita arobaini. Nililia mbele ya watu wote, uliza yeyote.

Sasa nisikilize. Lile la kukimbia ni mwaka uleule, rangi ileile, hata kutu iko mahali palepale. Nimehamisha vibao vya namba. Fundi wetu, Loubatière, ametia bonde kwenye madigadi la kushoto kwa mchoro wangu. Baba haoni, Solange. Nasema kwa heshima yote: haoni. Nani ataumia? Atakaa, atafunga mlango, atakusamehe supu.

Au unataka kumwambia ukweli? Basi mwambie wewe, kwa maana ni wewe utakayebaki naye chumbani akishausikia.

Régis


Les Fajoles, 24 Juni 1973

Régis,

Siku mbili nilikaa na barua yako kwenye mfuko wa aproni kama mtu aliyeficha panya. Kisha nikaiunguza, kama ulivyoamuru. Ulikuwa hivihivi ulipokuwa na miaka saba: ukivunja bakuli, unaniita mimi nije kulishika.

Niliingia bandani kumwambia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Yeye akiwa juu ya kigoda akageuza kichwa: “Limekuja?” Nikasema, “Karibuni, baba.” Ndivyo ulivyo ujasiri wangu, unaisha kwenye kizingiti.

Lilete hilo zimwi lako.

Na ulipolia mbele ya watu wote, ulilia upande gani? Wa machimbo au wa kamera?

Solange


Les Fajoles, 23 Julai 1973

Régis,

Limekuja Jumatano. Baba alilipokea uwanjani amevaa koti. Alilipapasa boneti, taa, madigadi. Kwenye bonde mkono wake ulikaa. Nikahesabu moyoni. Akasema, “Fahali wa Cayrol alikuwa na nguvu, jamani.” Akaingia, akafunga mlango, akakaa saa nzima na nusu.

Alipotoka akasema, “Wamelisafisha.” Basi. Nikapumua.

Nimepumua mapema mno. Jana mezani: “Jumapili tutalipitisha shambani kwa Cayrol, na kapu. Watu waone sinema haijaliharibu.” Unakumbuka mchezo wake wa sikukuu ya mavuno: shamba limelimwa, matuta kama makaburi, kapu la mayai dazeni mbili kwenye kiti cha mama, na yeye analipitisha kutoka ukingo hadi ukingo wakati kijiji kizima kinahesabu kwa sauti. Safari hii nitaendesha mimi na yeye atakaa nyuma. Ameshamwambia bibi Estève, kwa hiyo ameshawaambia wote.

Leo asubuhi baba akiwa kwa kinyozi nimelijaribu. Yai moja moja nililipanga mwenyewe kwenye nyasi kavu. Kati ya ishirini na manne yamevunjika kumi na moja. Kiti chako kina springi za kiwanda, kinarusha kama punda. Nimeosha kiti kwa ndoo tatu. Zimebaki siku sita kufika Jumapili, niambie la kufanya, wewe ndiye fundi wa vifaa.

Solange


Simu ya maandishi, Paris, 25 Julai 1973

YACHEMSHE. RÉGIS


Les Fajoles, 2 Agosti 1973

Régis,

Nakuandikia kwa aibu iliyochanganyika na kicheko, na sijui ipi ni ya kwangu.

Nimeyachemsha Jumamosi, baba akiwa anasikiliza mbio za baiskeli redioni. Nimeyapoza kisimani, nimeyapanga kapuni. Jumapili baada ya misa kijiji chote kilikuwa kwenye ukingo wa shamba, na chupa zao. Baba aliomba ayaguse kabla hatujaondoka. Akachukua moja, akalipima kiganjani, akalirudisha. “Mazuri,” akasema. “Ya kuku wetu?” “Ya kuku wetu, baba.”

Tukapita. Gari lililala huku, likalala kule, mimi kichwa kinagonga turubai, Cayrol anapiga kelele, “Solange, unalima au unapanda?” Baba nyuma yangu sikio ameliegemeza kwenye kiti cha mama. Tulipofika ukingoni akaingiza mkono kapuni, akapapasa mpaka chini. Mkono ukatoka mkavu. Akauinua juu. Régis, walishangilia kama siku ile vita ilipokwisha.

Nyumbani akaniambia, “Nikaangie haya haya. Mayai ya ushindi.” Akakaa jikoni, pua yake imeelekea kwenye kikaango. Ilibidi nijifanye nimesahau chumvi, nikimbilie kwenye banda la kuku, nirudi na manne chini ya aproni. Akala mpaka akafuta sahani kwa mkate. Akasema yana ladha ya ushindi.

Sasa anataka kila Jumapili.

Nimekula mayai ya kuchemsha siku nne mfululizo. Nguruwe naye ameanza kunitazama vibaya.

Solange


Les Fajoles, 18 Februari 1974

Régis,

Filamu yako imefika mjini, tumekwenda kijiji kizima kwa basi. Baba alikaa kati yangu na bibi Estève, amevaa koti lilelile. Bibi Estève alijipa kazi ya kumweleza kila kinachotokea, na unaijua sauti yake.

“Sasa bibi harusi ameingia garini, mzee Anselme. Sasa wamepita kwenye kuku, manyoya tupu! Sasa mlango umetoka! Sasa boneti limefunguka, haoni mbele! Sasa turubai linapepea kama chupi kwenye kamba!” Ukumbi mzima umejikunja kwa kicheko. Gari hilo likionekana tu, hata kabla halijafanya kitu, watu wanacheka. Mtu wa nyuma yetu alikuwa anapiga goti la mke wake.

Kisha yakaja machimbo. “Bibi harusi sasa ni wa matambara, wamemkalisha kiti cha kulia, shela lake nje! Gari linasukumwa, mzee Anselme! Lina bonde kama la lako, kushoto, tazama!”

Nikamwambia, “Bibi Estève, magari yote ya sinema yana mabonde.”

“Linakwenda! Linakwenda! Ooo!”

Likapiga honi likianguka. Ukumbi ulipasuka. Nikamtazama baba. Alikuwa anacheka, Régis. Anacheka kuliko wote, mdomo wazi, machozi yanateremka mpaka kwenye kola. Nilimpa leso. Akasema, “Mwanangu ana kipaji.”

Kwa hiyo yamepita. Sijui kwa nini nililala vibaya.

Watu wameanza kuja kutoka mbali kulipiga picha. Mtu na mchumba wake wametoka Lyon, wakalala juu ya boneti kama wamelikuta pwani. Baba anawaruhusu. Anakaa kando na fimbo yake, anawaambia, “Ndilo lenyewe, ndilo lenyewe.”

Solange


Les Fajoles, 9 Juni 1974

Régis, mwanangu,

Hii nimeandika mwenyewe. Nimeweka rula ya seremala juu ya karatasi na kalamu inaifuata, kama ng’ombe na ukingo wa barabara. Mstari ukipanda juu ya mwenzake, usome taratibu, huna haraka. Anwani ameiandika tarishi, Bonnafous, ambaye hajui kilichomo na ameapa kwa kofia yake.

Nilikuwa nikimwachia Solange aandike kwa sababu anapenda kuongeza yake. Nikimaliza kusema, kalamu yake huendelea kukwaruza. Miaka sita nasikia mikwaruzo isiyokuwa yangu. Sijawahi kumuuliza. Mtu asiyeona huachiwa vitu vichache vya kumiliki, na kimoja ni kujua bila kusema.

Gari nililijua uwanjani, kabla sijalikalia. Fahali wa Cayrol alikuja kutoka mbele, alikuwa hana adabu lakini alikuwa mnyoofu. Bonde lako limepigwa kutoka juu, kwa nyundo, na mtu mwenye subira. Nikaingia. Dirisha langu limenipiga kiwiko miaka ishirini. Hili halikunipiga. Nikanyoosha mkono kwenye kiti cha mama yako, nikakuta springi. Nilikaa pale saa nzima na nusu kwa sababu sikujua nitoke na uso gani.

Nikatoka nikasema wamelisafisha. Nikangoja. Nilidhani dada yako ataanguka kwenye meza na kuniambia. Hakuanguka. Basi nikaomba kapu.

Elewa vizuri hapa. Mayai hayakuwa ya kulipima gari. Gari nilishalijua. Mayai yalikuwa ya kumpima Solange. Nilisema moyoni: yatavunjika mbele ya kijiji, atalia, atasema, nami nitamshika kichwa, yataisha. Nikaingiza mkono kapuni kabla ya kuondoka, nikashika yai. Nimeshika mayai miaka arobaini, Régis. Yai bichi lina mtu ndani, ukilitikisa anageuka. Lile lilikuwa limekufa. Na kule ukingoni nilipopapasa, manne yalikuwa na nyufa, makavu. Yai bichi likipasuka hulia. Hayo yalipasuka yakanyamaza, kama watoto waliofunzwa.

Nikainua mkono watu washangilie. Nilikuwa nimekasirika, sikufichi. Nikamwagiza anikaangie yale yale, nikakaa kusikiliza mlango wa banda la kuku. Una bawaba inayolia. Ulilia mara mbili: kwenda na kurudi. Nikasema, vizuri, tutaona nani atachoka.

Ni miezi kumi na mmoja sasa. Kila Jumapili isiyo na theluji. Kila Jumamosi nafungulia redio kwa sauti ili apate nafasi, na chini ya redio nasikia sufuria likitokota. Mezani nauliza, “Mbona kila wiki mayai ya kuchemsha?” Yeye anasema ni mazuri kwa mifupa. Amekonda. Bibi Estève anasema amekonda. Wakati mwingine ananishika mkono ghafla, anavuta pumzi, nami nageuza uso kumpa njia. Kisha anasema kuna baridi, au supu iko tayari.

Nimeamua hivi. Siku atakayosema mwenyewe, nitamsamehe palepale, sitamwacha amalize sentensi. Siku hiyo nami nitamwambia langu, maana liko.

Pasaka alikuja mtu kulitazama gari. Akanishika mkono, kiganja chake kigumu, nikamwambia, “Wewe si mpiga picha.” Akasema yeye ni Loubatière, fundi wa ile sinema, na amekuja kwa sababu hakupenda. Solange alikuwa kanisani. Tulikaa garini, mimi kwenye usukani, yeye nyuma, hakuthubutu kile kiti. Akaniambia lile la kijani lilikuwa zima asubuhi ile, tangi limejaa. Akaniambia mwongozaji alikuwa tayari kulisukuma. Akaniambia kuna mtu aliyesema: “Chukueni hili la mzee. Lina sura ya kuchekesha zaidi, ukumbi utakufa.” Na kwamba mtu huyo ndiye aliyemkalisha bibi harusi wa matambara kwenye kiti cha kulia, akamfunga kwa zile tyubu za baiskeli ili asianguke upande. Na akafunga honi kwa kamba ili ilie mpaka chini. Wazo lake mwenyewe. Siku ile ile akapandishwa cheo.

Ukumbi ulikufa kweli. Nilikuwepo.

Hilo Solange halijui. Kwake bado ulikuwa umekwenda kutafuta kamba. Kamba uliipata, naona.

Usimnong’oneze. Nitajua: sauti yake akiwa ameambiwa na sauti yake akiwa ameamua hazifanani. Akisema, nitamsamehe na nitamwambia yote, na yeye ataamua kama bado ana ndugu. Asiposema, tutaendelea na kapu mpaka mmoja wetu azikwe.

Wewe sijaamua.

Anselme Roucaute


Les Fajoles, 16 Juni 1974

Régis,

Siwezi tena.

Jana nimechemsha thelathini na sita, kwa sababu baba sasa anataka kapu kubwa, meya anakuja na watu wa gazeti. Nilikuwa nimesimama juu ya sufuria, mvuke usoni, redio inapiga kelele, nikajikuta nayaomba msamaha mayai. Mayai, Régis. Mwanamke wa miaka arobaini na mbili.

Nataka kumwambia. Ijumaa nilimshika mkono, nikavuta pumzi, na yeye akageuza uso wake kwangu, taratibu, kama alivyokuwa akiugeuza tulipokuwa wadogo na tunataka kumwonyesha kitu. Nikamwambia supu iko tayari. Lakini nilikaribia, naapa. Nadhani hata akinifukuza nitalala vizuri siku hiyo.

Moyo wake tu ndio unaonitia hofu. Daktari alisema asishtuliwe. Nikimwambia akaanguka, nitakuwa nimemwua kwa ajili ya kupata usingizi wangu. Wewe unamjua kwa namna nyingine, ulikuwa kipenzi chake. Na wewe ulilia pale machimboni, ulijua gari lile lilikuwa na maana gani kwake. Niambie neno moja tu: niseme? Ukisema ndiyo, nitasema Jumapili ijayo, kabla hatujaingia shambani, na kwa mara ya kwanza kapu litakuwa la mayai mabichi.

Nangoja barua yako. Bonnafous nimemwambia aniletee mkononi.

Dada yako,
Solange


Paris, 19 Juni 1974

Solange, dada yangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako mara nyingi na nimekuonea huruma sana.

Usimwambie. Moyo wake hautastahimili. Ana furaha, Solange, sinema imempa heshima uzeeni, usimnyang’anye kwa sababu ya usingizi. Yeye hajui kitu na hatajua, mimi namfahamu vizuri kuliko anavyojifahamu.

Endelea kuchemsha.

Nduguyo anayekupenda,
Régis